Bastola Kiunoni Kutwa Nzima: Starehe ya Mbebaji ni Suala la Usalama



Nimeombwa nizungumzie namna mtu mwenye kibali anavyoweza kubeba bastola chini ya nguo kutwa nzima bila kuteseka. Mada hii huwekwa mwisho wa ratiba, baada ya sheria na baada ya shabaha, kana kwamba ni habari ya mavazi. Mimi nasema ni habari ya usalama. Bastola inayomuumiza mwenyewe haikai kiunoni. Ikifika saa sita mchana keshaivuta juu, keshaisukuma nyuma, keshaipapasa kupitia shati, na waliosimama naye kwenye foleni wamejua alichonacho. Ikifika saa kumi ameitoa na kuiweka chini ya kiti cha gari, ndani ya begi la kompyuta au kwenye droo ya ofisi. Huko ndiko inakoibwa, na huko ndiko mtoto anakoikuta. Nyumbani tuna sefu. Barabarani sefu yetu ni ala iliyofungwa mwilini, na mwili ukiikataa ala hiyo hatuna nyingine.

Wakufunzi wa Marekani wana usemi uliofika hata kwenye viwanja vyetu vya shabaha, kwamba bastola haibebwi ili mtu astarehe, hubebwa ili awe na utulivu wa moyo. Naupinga usemi huo, hata kama waliousema ni watu ninaowaheshimu. Umewafanya wengi wavumilie vifaa vibovu wakidhani maumivu ni sehemu ya wajibu. Anayevumilia huvumilia kwa wiki chache, kisha bastola hubaki nyumbani au, mbaya zaidi, hubaki garini. Septemba 2013, magaidi waliposhambulia jumba la maduka la Westgate jijini Nairobi, raia wenye vibali waliingia kuokoa watu wakiwa na bastola zao, miongoni mwao Abdul Haji, ambaye baadaye alikuja kuwa Seneta wa Garissa. Siku kama ile haitoi taarifa. Sitaki yeyote atoke hapa akiisubiri kwa hamu, lakini kama mtu ameamua kubeba, basi abebe kwa namna atakayoiweza Jumatatu ya kawaida, siku ambayo hakuna kitakachotokea.

Tuanze na mshipi, kwa kuwa wengi huufikiria mwisho. Glock 19, ambayo wengi wenu mnaifahamu, ikiwa imejaa risasi 15 ina uzito wa gramu 855 hivi. CZ 75 ya chuma, ile Ceska ya zamani, inakaribia kilo moja kabla ya kutiwa risasi. Uzito huo unaning'inia upande mmoja wa kiuno. Mshipi laini wa suti hupinda, bastola huinama nje, mpini hutokeza chini ya shati. Mwenyewe hufanya nini? Hukaza tundu moja zaidi. Sasa mshipi unabana nyonga zote mbili na uzito bado unaning'inia. Madaktari wanaijua hali ya ganzi na mwako upande wa nje wa paja inayotokana na neva kubanwa karibu na mfupa wa nyonga. Mishipi ya kubana ni miongoni mwa visababishi vyake, na askari wanaovaa mikanda mizito ya kazi wameugua hivyo. Ukisikia paja linachomachoma jioni, usikimbilie kubadili bastola. Tafuta mshipi mgumu wa milimita 38, wenye ngozi ya tabaka mbili au nailoni iliyotiwa uti wa plastiki, usiopinda ukiushika kwa ubapa, na unaokazika kwa hatua ndogo ndogo ili uulegeze kidogo unapokaa kula. Wapo walionunua bastola ya tatu wakitafuta nafuu ambayo mshipi mmoja mzuri ungewapa.

Kosa linalofuata ni imani kwamba bastola fupi ndiyo inayofichika. Urefu wa mtutu haufichuki, kwa sababu mtutu umelala ndani ya suruali. Kinachofichuka ni mpini, tena sana ukiwa mrefu, na unene wa bastola nzima. Zaidi ya hapo, kwa mtu mwenye tumbo, bastola fupi mno huwa na uzito wake wote juu ya mshipi, tumbo huisukuma kutoka chini na kichwa chake hubinukia nje. Ala inayoteremka sentimita chache zaidi chini ya mshipi hupata paja la kuegemea, na egemeo hilo ndilo linalorudisha mpini mwilini. Ndiyo maana mafundi wengine hutengeneza ala ndefu kuliko bastola yenyewe. Jambo hili huwashangaza wengi, nami nawaomba mlijaribu mbele ya kioo badala ya kulipokea kwa neno langu. Kuhusu bastola ndogo kama SIG Sauer P365 iliyotoka 2018, au ile rivolva ndogo ya Smith & Wesson ya risasi tano, ni nyepesi kweli na kwa baadhi ya miili ni jibu zuri. Lakini zinapiga teke, mpini wake haujazi kiganja, na mtu asiyefurahia kuipiga haendi kiwanjani kuizoea. Huyo atakuwa amebeba kwa raha kitu asichokiweza.

Ala yenyewe ina masharti ambayo sitayapunguza kwa ajili ya starehe ya mtu yeyote. Ifunike triga yote kwa kitu kigumu, kiasi kwamba ukibonyeza kutoka nje kwa kidole hakuna kinachosogea. Ishike bastola hata ukiinama au ukikimbia. Mdomo wake ubaki wazi baada ya bastola kutoka. Ala za ngozi ni tulivu mwilini na nazipenda, lakini ngozi iliyochoka hulegea mdomoni, hukunjika kuingia ndani, na mkunjo huo unaweza kuibonyeza triga wakati mtu anairudisha bastola. Ala za plastiki ngumu ya Kydex hazilegei na hazinyonyi jasho. Kwa mtu wa Mombasa au Malindi hilo si dogo: jasho la pwani lina chumvi, ngozi hulinywa, na chuma hushika kutu upande unaogusa mwili. Vaa fulana ya ndani ndefu, iingie kati ya ngozi yako na bastola, na kila jioni ipanguse bastola kwa kitambaa chenye mafuta kidogo. Vifuko laini vya kitambaa visivyo na umbo, vinavyouzwa kwa bei rahisi kwa sababu vinatosha kila bastola, sivikubali kabisa.

Sasa mwili. Wengi wetu tulifundishwa kubeba nyongani, nyuma kidogo ya mfupa, upande wa mkono unaoutumia. Ni mahali pazuri kwa anayesimama na kutembea. Kwa anayeendesha gari saa mbili katika msongamano wa Thika Road hapafai sana: kiti husukuma bastola mbavuni, na mkanda wa gari hupita juu ya mpini. Kubeba mbele, kati ya kitovu na nyonga, huondoa tatizo hilo na hufichika vizuri chini ya shati lililochomolewa. Hata hivyo mtutu hapo unaelekea mahali penye mshipa mkubwa wa damu wa paja. Anayebeba hivyo aridhie sharti moja: kuirudisha bastola kwa utaratibu, macho yakiangalia, nyonga ikisukumwa mbele, kidole kikiwa mbali. Kuna vifaa viwili vidogo vinavyosaidia sana mbele. Kimoja ni kabari ya sponji inayobandikwa chini ya ala, upande wa mwili, ambayo husukuma mtutu nje na kuulaza mpini ndani. Kingine ni kibawa cha plastiki kinachokaa nyuma ya mshipi na kuuzungusha mpini kuelekea tumboni. Mtu aliyeshindwa kukaa kitini na bastola mbele mara nyingi anahitaji kuiteremsha au kuipandisha sentimita moja, au kuisogeza upana wa vidole viwili. Marekebisho hayo yafanyieni nyumbani, bastola ikiwa tupu, chemba imekaguliwa mara mbili na risasi ziko chumba kingine.

Mahali pa katikati ya mgongo nawasihi mpaache. Ukianguka chali, chuma kinakutana na uti wa mgongo. Kifundo cha mguu kinafaa kwa bastola ya akiba tu. Mfuko wa suruali unakubalika iwapo bastola ni ndogo, ina ala ya mfukoni inayofunika triga, na hakuna funguo wala sarafu ndani ya mfuko huo.

Sehemu kubwa ya vifaa hivi imebuniwa Marekani, ambako watafiti waliochapisha katika American Journal of Public Health mwaka 2022 walikadiria kwamba watu wazima wapatao milioni 6 walikuwa wakibeba bastola kila siku mwaka 2019, mara mbili ya makadirio ya mwaka 2015. Soko la ukubwa huo limetupatia vitu vizuri. Lakini vilipimwa kwa siku ya Mmarekani: jinzi nzito, jaketi, na gari lako mwenyewe kutoka mlango hadi mlango. Siku ya Nairobi ina mageti. Mtu anaweza kukutana na mlinzi mwenye kipima chuma kwenye duka kubwa, ofisini, hotelini na kanisani, yote kabla ya jua kutua. Pengine ataombwa aikabidhi bastola. Kila mara inapotoka mwilini, hatari inafunguliwa upya. Kwa hiyo chagueni ala ambayo hutoka pamoja na bastola ndani yake, yenye vibanio viwili vya kufungua kwa mkono mmoja, ili triga isionekane kamwe na mlinzi asishtuke. Ongea kwanza kwa sauti tulivu, onyesha kibali, omba mahali pa faragha, kisha ndipo mkono uende kiunoni. Yule kijana wa getini hana njia ya kujua nia yako.

Mavazi yetu yana faida tusiyoitumia vya kutosha. Kaunda suti, pamoja na shati la kitenge lisilochomekwa, huficha vizuri kuliko polo inayonata mwilini; kitambaa chenye maua huvunja umbo la mpini. Jaribio la kweli ni kuinama na kunyoosha mikono juu. Kwa Waislamu miongoni mwetu, jaribio ni sujudu: shati hupanda, na safu nzima ya nyuma inaona. Ikiwa vazi lako halipiti jaribio hilo, bastola ibaki sefuni Ijumaa hiyo.

Kwa kina mama, ushauri mwingi unaotolewa ni wa kuwaambia waweke mkobani, nami naukataa. Mkoba hunyakuliwa, huning'inizwa kwenye kiti, hupekuliwa na mtoto anayetafuta peremende. Nyonga pana na kiuno kifupi hufanya ala ya nyongani iinamishe mpini mbavuni, hivyo wengi wao hupata nafuu mbele, au kwa mkanda mpana wa tumboni uliotiwa ala ngumu ndani yake, ambao hauhitaji suruali wala mshipi na unakaa vizuri chini ya dera. Mjamzito, au aliyetoka kujifungua kwa upasuaji, asilazimishwe na yeyote kubeba.

Nafunga kwa mapendekezo mawili kwa kikao hiki. Kibali chetu kiko chini ya Sheria ya Silaha, Sura 114, na uhakiki wa wamiliki ulioanza mwishoni mwa 2018 umetuzoesha kuulizwa kama tunafaa kuwa nacho. Naomba wakufunzi waongeze kwenye mafunzo yao kipimo cha kubeba, bastola ikiwa tupu: kuingia na kutoka garini, kukaa nusu saa, kuinama, kwenda msalani na kurudi bila bastola kuachwa juu ya tangi la maji, kuikabidhi getini. Pia kila kiwanja cha shabaha kiweke kabati la ala na mishipi ya kujaribia, za wanaume na za wanawake, ili mwanachama mpya avae kifaa kwa siku nzima kiwanjani kabla ya kukinunua. Baada ya chai, wenye ala zao wabaki nazo, bastola zote zikabidhiwe kwa msimamizi wa kiwanja, na tutaanza na zoezi la kiti cha gari.