Kura ya Sauti na Kura ya Siri: Mkulima wa Ireland, 1828 hadi 1872



Mmeniomba nizungumzie historia ya mageuzi ya sheria katika utawala wa Uingereza. Bahari hiyo ni pana, nami nitachota kata moja tu, ya Ireland.

Sheria ya Muungano ya mwaka 1800 ililifuta bunge la Dublin, na tangu Januari 1801 wabunge wa kisiwa hicho wakawa wanaketi London. Wananchi wengi wa Ireland walikuwa Wakatoliki. Tangu mwaka 1793 Mkatoliki aliruhusiwa kupiga kura iwapo alishikilia ardhi yenye thamani ya shilingi 40 kwa mwaka. Kuchagua aliweza, kuketi bungeni hakuweza, maana kila mbunge alilazimika kula kiapo cha kukana mafundisho ya msingi ya Kanisa hilo.

Je, kabaila aliichukia kura ya mkulima wake? La hasha! Aliipenda, hata akaizidisha kwa kuigawa ardhi yake katika vishamba vingi vya kukodisha, ili siku ya uchaguzi awe na jeshi lake. Kura yenyewe ilitamkwa kwa sauti mbele ya karani na mbele ya watu wa kabaila, na jina la mpiga kura likaandikwa daftarini pamoja na la aliyemchagua. Mkulima aliyemkaidi mwenye ardhi alijua kwamba huenda akafukuzwa shambani. Sisi tuliopanga mlolongo nyuma ya picha za wagombea mwaka 1988 hatuhitaji kufafanuliwa zaidi.

Mwaka 1823 wakili Daniel O'Connell na wenzake waliasisi Chama cha Wakatoliki, na mwaka uliofuata wakaanza kukusanya peni moja kwa mwezi kutoka kwa maskini. Naiona peni hiyo kuwa kubwa kuliko hotuba zote za O'Connell, kwa kuwa aliyeitoa alijiona mwenye chama. Julai 1828 kukawa na uchaguzi mdogo katika jimbo la Clare. Vesey Fitzgerald, aliyekuwa ameteuliwa waziri, alipaswa kurudi kuomba kura upya. O'Connell akasimama dhidi yake, ingawa sheria haikumruhusu kuketi bungeni. Wakulima wakaenda mjini Ennis pamoja na mapadri wao, wakalitamka jina la O'Connell masikioni mwa mabwana zao. Alipata kura 2,057. Waziri akapata 982.

Serikali ya Wellington iliogopa vita. Aprili 1829 ikawafungulia Wakatoliki mlango wa bunge. Lakini tazameni, ndugu zangu, bei iliyotozwa! Pamoja na sheria hiyo ilipitishwa nyingine, iliyopandisha kima cha mpiga kura wa mashambani kutoka shilingi 40 hadi pauni 10, yaani shilingi 200. Wapiga kura wa mashambani nchini Ireland, waliokuwa zaidi ya 200,000, wakabaki wapatao 37,000. Walionyang'anywa kura ni walewale waliothubutu kule Clare. Wakili akapata kiti, na mkulima akapoteza sauti. O'Connell alilalamika, lakini hakuuinua umma kama alivyouinua kwa ajili ya haki ya kuketi bungeni. Namheshimu sana, ila kwa hilo simtetei.

Kura ya siri nayo ilichelewa. Wafanyakazi wa Uingereza waliidai katika Mkataba wao wa mwaka 1838. Wakubwa wakajibu kwamba mwanamume wa kweli hutamka chaguo lake hadharani. Ni rahisi kusema hivyo ukiwa na ardhi yako mwenyewe! Makoloni ya Victoria na Australia Kusini yaliianzisha mwaka 1856. Bunge la London liliipitisha mwaka 1872, wakati wa serikali ya Gladstone, miaka 44 baada ya Clare. Katika uchaguzi mkuu wa 1874, wa kwanza chini ya sheria hiyo, Ireland ilichagua wabunge wapatao 60 waliodai nchi yao ijitawale kwa mambo ya ndani.

Hata hivyo pazia hilo halikuwafunika wote. Asiyejua kusoma alitakiwa kumtajia msimamizi jina la amtakaye, naye msimamizi akamtilia alama kwenye karatasi, huku mawakala wa wagombea wamesimama papo hapo wakisikiliza.