Bonasi ya Chai na Bonasi ya Kamari



Leo sitawaambia kamari ni mbaya, hayo mmeshasikia. Nataka tuzungumze juu ya hii kitu inaitwa bonasi, maana ndiyo inayowarudisha watu wetu kwenye simu kila jioni.

Sisi wa chai tunajua bonasi ni jasho. Umepeleka kilo, umengoja mwaka mzima, unalipwa. Basi mtu akiona ujumbe, "Umepewa bonasi ya shilingi 500," moyo wake unaamini neno hilo.

Mweka hazina mmoja ninayemjua, mama mwaminifu kabisa, alianza hivyo. Alikubali ile 500 achezee mchezo wa ndege. Kumbe haitoki kwenda M-Pesa! Masharti yalidai kwanza aizungushe mara 10. Hebu tupige hesabu: 500 mara 10 ni beti za shilingi 5,000, na katika mchezo huo mwenye kampuni amejipangia faida yake mapema. Mama alifika kama 3,800, salio likaisha. Akaona, nimebakisha kidogo tu, niache pesa yangu huko? Akaongeza 200 kutoka kwa pesa za mzunguko. Hapo ile zawadi ilikuwa imegeuka deni, na hakuna aliyemdai isipokuwa yeye mwenyewe. Kufikia siku ya mkutano, 14,600 hazikuwepo.

Ujanja huu haukuanzia kwetu. Huko Marekani, mwaka 1997, kampuni ya kasino ya Harrah's ilileta kadi ya wateja. Unaitia kwenye mashine, inahesabu umecheza kiasi gani, unapata pointi za chakula ama chumba cha hoteli. Pointi zinafuata pesa unazochezesha, ushinde usishinde. Tena kupitia kadi kampuni inajua nani amepunguza kuja, imtumie kitu cha kumvuta.

Siku hizi kadi ni namba yako ya simu. Kaa wiki moja bila kucheza uone: "Umepotea sana rafiki, chukua beti ya bure." (Jirani yako hata hajajua umepotea!) Anayepata ujumbe huo mara nyingi ni yule anayejaribu kuacha.

Mwezi wa Aprili 2025 serikali ilisimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30. Siku zikaisha.

Kwa hivyo tuanzie kwetu. Pesa za kikundi zisilale kwa simu ya mtu mmoja. Ziende benki siku hiyo hiyo, zitolewe kwa sahihi tatu. Na mwenye kusumbuliwa na jumbe hizo aombe kampuni ifunge akaunti yake kabisa, kwa sababu kufuta programu kwenye simu hakufuti namba yake kwao.

Yule mama hatukumfukuza. Analipa 500 kila mwezi, na daftari sasa linashikwa na mwingine. Juzi alinionyesha simu: wamemtumia bonasi tena.