Sifa na Moyo: Msamiati wa Kumsifu Mungu katika Ibada ya Kikristo

Mhadhara huu unachunguza neno ambalo Wakristo wasemao Kiswahili hulitamka kila wanapokusanyika kuabudu, nalo ni sifa. Hoja yake kuu ni kwamba maana ya neno hilo katika Kiswahili inabainisha kwa uwazi sifa ya kweli ni ipi, na kwamba ubainifu huo umo hatarini kupotea katika matumizi ya siku hizi.

Sifa ni neno lenye asili ya Kiarabu, na maana yake ya msingi ni hali au tabia inayokitambulisha kitu. Mwanafunzi wa sarufi hukutana na kivumishi cha sifa. Tangazo la kazi hutaja sifa za mwombaji. Katika matumizi hayo hakuna anayetukuzwa. Kinachofanyika ni kueleza mtu au kitu kilivyo. Kitenzi sifu kimesimama juu ya msingi huohuo. Anayesifu hutaja alivyo yule anayesifiwa. Maneno matamu yasiyo ya kweli, basi, si sifa iliyopungua, bali ni kitu kingine kabisa, na Kiswahili kina jina lake: kilemba cha ukoka.

Hatari ya sifa imejulikana na Waswahili tangu zamani. Mgema akisifiwa, wahenga walisema, tembo hulitia maji. Sifa humlevya binadamu hata akaiharibu kazi iliyomletea sifa hiyo. Hapo huzuka swali zito: ikiwa sifa huharibu, kwa nini Mungu asifiwe? Mojawapo ya sala za Utangulizi katika Misale ya Kirumi hulijibu swali hilo kwa kufundisha kwamba sifa za wanadamu haziuongezei chochote ukuu wa Mungu, bali huwafaa wao wenyewe. Mungu si mgema. Habadiliki kwa kusifiwa. Anayebadilika ni msifu, ambaye kwa kutaja alivyo Mungu hujikumbusha pia alivyo yeye mwenyewe.

Lugha ya sifa hizo haikuanza na wamisionari. Ludwig Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844, na Edward Steere alipofika Zanzibar miaka 20 baadaye, walikuta lugha yenye tenzi ambazo watunzi wake Waislamu walikuwa na desturi ya kuzifungua kwa kumtaja na kumtukuza Mungu. Wafasiri wa Biblia walichota katika hazina hiyo. Himidi, neno linalotawala Zaburi ya 103 katika Biblia ya Union Version ya mwaka 1952, lina mzizi mmoja na alhamdulillahi. Abudu na shukuru nayo yalitoka Kiarabu. Kando yake yaliwekwa maneno ya Kibantu kama tukuza na shangilia, na katika Zaburi ya 150 zeze na matari vikapewa nafasi miongoni mwa ala za kumsifia Mungu. Msamiati wa sifa za Kikristo, kwa hiyo, ni urithi wa pamoja.

Zaburi ya 103 inathibitisha hoja ya mhadhara huu. Mtunzi haishii kuiamuru nafsi yake ihimidi. Huitajia sababu: Mungu husamehe, huponya, hukomboa. Amri hufuatwa na maelezo. Hapo ndipo moyo unapoingia. Nabii Isaya, katika sura ya 29, aliwakemea watu ambao midomo yao ilikuwa karibu na Mungu na mioyo yao mbali, na Yesu aliyarudia makemeo hayo katika Mathayo 15. Kosa lao halikuwa uhaba wa maneno wala udhaifu wa sauti. Walitaja wasichokiamini.

Lakini moyo wa kweli si lazima uwe moyo wa furaha. Zaburi ya 22 huanza kwa kilio cha aliyeachwa na kuishia katika sifa. Aliyefiwa anaweza kumsifu Mungu bila kuyaficha majonzi yake, kwa kuwa kusifu ni kusema kweli, na kweli hiyo yaweza kusemwa kwa machozi.

Katika makanisa mengi ya Afrika Mashariki leo, kipindi cha sifa na kuabudu hugawanywa kwa mwendo wa muziki: nyimbo za kasi huitwa sifa, za taratibu huitwa kuabudu. Mgawanyo huo unafaa kwa kupanga ibada, lakini haumo katika maana ya maneno yenyewe. Sifa hutambuliwa kwa kinachotajwa, na kuabudu kwa unyenyekevu wa anayetaja. Ikiwa kasi itachukua nafasi ya maana, muumini asiyeweza kuruka ataonekana hana sifa za kumtolea Mungu.

Wataalamu wa lugha hawana mamlaka ya kupima imani ya mtu. Wajibu wao ni kulinda maana ya maneno ambayo imani hiyo huyatumia. Mgonjwa anayenong'ona kitandani kwamba Mungu ni mwema, naye anasadiki hivyo, ametimiza yote ambayo Kiswahili hukusudia kwa neno kusifu.