Kodi ya Mapato: Shilingi ya Mwisho si Mshahara Mzima
(Maneno yaliyosemwa na Ofisi ya Hesabu mbele ya wanachama katika sherehe ya miaka kumi ya Chama Kikuu)



Katika sherehe kama hii ni desturi kusifu magunia yaliyouzwa na maghala yaliyojengwa. Sisi wa ofisi ya hesabu tumeombwa tuseme juu ya jambo lisilopigiwa vigelegele, nalo ni kodi ya mapato. Tumekubali kwa furaha, maana si mara moja tumemsikia karani au mtunza ghala akisita kupandishwa daraja, akidai kwamba kodi itameza nyongeza yote na kula hata kile alichokuwa nacho.

Hofu hiyo haina msingi, nasi twapenda kuionyesha kwa hesabu.

Kwa viwango vilivyoanza Tanzania Bara mwezi Julai 2021, mshahara wa mwezi, baada ya kuondolewa mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii, hupimwa kwa ngazi. Sh. 270,000 za kwanza hazitozwi kitu. Zinazofuata hadi 520,000 hutozwa asilimia 8. Kutoka hapo hadi 760,000 asilimia 20. Kisha hadi 1,000,000 asilimia 25. Na zinazozidi milioni asilimia 30.

Mkulima ataelewa upesi akifikiri juu ya magunia. Gunia la kwanza likijaa, mahindi yanayobaki hutiwa katika la pili, kisha la tatu. Mtoza kodi hagusi gunia la kwanza. Katika la pili huchota kidogo, na katika la tatu huchota zaidi. Lakini kujaza gunia la tatu hakumpi ruhusa ya kurudi nyuma kuchota upya katika yale mawili.

Basi tumtazame karani apataye sh. 520,000. Kodi yake ni 20,000, naye hubakiwa na 500,000. Akiongezwa 10,000, yeye hudhani kwamba 530,000 zote zitakatwa asilimia 20, yaani 106,000. Sivyo. Asilimia 20 ni ya zile 10,000 peke yake, yaani 2,000. Atakwenda nyumbani na 508,000. Amepata faida ya 8,000.

Hapo tumeona viwango viwili ambavyo havifai kuchanganywa. Cha kwanza ni kiwango cha shilingi ya mwisho: kwa karani huyu ni asilimia 20. Cha pili ni kiwango cha mshahara mzima, yaani kodi yote ikilinganishwa na mapato yote: kwake hakifiki hata asilimia 4 na nusu. Mwenye 600,000 hulipa 36,000, ambayo ni asilimia 6. Mwenye milioni moja hulipa 128,000, asilimia 12.8. Mwenye milioni mbili hulipa 428,000, asilimia 21.4, ingawa shilingi yake ya mwisho hukatwa asilimia 30. Kadiri mtu apandavyo, cha pili hukisogelea cha kwanza, lakini hakikifikii kamwe.

Wazee wetu watakumbuka kodi ya maendeleo iliyofutwa mwaka 2003. Kodi ya namna ile, inayodai kiasi kimoja kwa kila mtu, humwelemea maskini: sh. 3,000 ni asilimia 10 ya mwenye 30,000, bali ni asilimia 1 tu ya mwenye 300,000. Ngazi ziliwekwa ili kila mtu abebe kwa kadiri ya mabega yake.

Ndugu Wanachama, mishahara ya watumishi wetu hutoka katika mazao yenu, na ninyi ndio mnaoipitisha. Mtumishi hodari akikataa daraja kwa hofu isiyo na sababu, Chama kinapoteza. Mhasibu akimkata mtu mshahara mzima kwa kiwango cha ngazi ya juu, amemdhulumu. Kwa hiyo yawapasa makatibu wa vyama vya msingi kukokotoa ngazi kwa ngazi, kumwonyesha kila mtumishi hesabu yake kwa maandishi, na kupeleka kodi kwa Mamlaka ya Mapato ndani ya siku saba baada ya mwezi kwisha. Nanyi wajumbe wa kamati msione haya kuuliza: mali bila daftari huisha bila habari.

Twawatakieni mavuno mema na umoja wa kudumu.