Kosa la mtu mmoja, adhabu ya parseli nzima: maneno yetu kwa watu wa Birere



Aksanti kwa kuacha butiki na chukudu kidogo ili mutusikilize. Leo tunaongea juu ya intaneti: nani iko na haki ya kukukatia, na kwa njia gani.

Huko mbali, wenye muziki na filamu wanadai kampuni za intaneti zimukatie muteja wanayeshuku kwamba anakopia kazi zao bila kulipa. Ufaransa ilitunga sheria ya vile mwaka 2009, wakaiita HADOPI. Mwanzoni ofisi ya Leta ndiyo ilipewa nguvu ya kukata. Tarehe 10 Juni 2009, Baraza la Katiba la kule likakataa: intaneti ni sehemu ya uhuru wa kusema, basi kuikata ni kazi ya juji, hapana ya ofisi. Mwaka 2013 adhabu hiyo ya kukata ikafutwa. Marekani nayo, mwezi wa 12 mwaka 2019, kampuni Cox ilihukumiwa kulipa dola miliardi 1 juu haikukata wateja wa namna hiyo. Hesabu ile ilivunjwa katika rufaa mwaka 2024, lakini muone hatari yake: kampuni ikiogopa deni kama lile, itakata kwanza, itauliza nyuma.

Mutasema: hii inatuhusu nini sisi? Inatuhusu juu kukatwa tunakujua. Januari 2015, wakati wa maandamano juu ya sheria ya uchaguzi, intaneti ilikatwa. Tarehe 31 Desemba 2018, kesho yake ya kura, ikakatwa tena, karibu wiki tatu. Sheria ya mawasiliano ya 2002, article 46, iliruhusu Leta kufanya vile kwa sababu ya usalama. Serikali iliagiza, kampuni zikatii. Hakuna juji aliyeuliza kitu. Mwenye kuuza bitenge kwa WhatsApp alikaa bure, na hakukosea mutu.

Sasa tuangalie hapa kwetu. Kampuni inaona laini, haioni mukono. Birere, modemu moja inatumikia parseli nzima, na kadi ya SIM mara ingine imeandikwa kwa jina la kaka. Mutoto mumoja akikopia filamu, atakayekatiwa ni fundi wa nguo, ni mwanafunzi, ni mama wa kutuma feza. Katiba yetu, article 17, inasema hakuna mutu anayehukumiwa kwa kosa la mwingine.

Lakini tusidanganyane. Kujaza nyimbo kwenye flashi na kuziuzisha, mwenye wimbo asipate hata franka, ni kumunyanganya. Wanamuziki wa Goma nao wanalipa nyumba na minerval. Katiba hiyo hiyo, article 46, inalinda haki yao, na sheria ya tarehe 5 Aprili 1986 iko. Basi mwenye kuibiwa apeleke ushahidi kwa tribunali, mwenye kushitakiwa ajibu mwenyewe.

Kwa hiyo tunadai:

1. Mutu asikatiwe intaneti bila uamuzi wa juji.
2. Mbele ya kukata, aambiwe sababu kwa luga anayosikia, na apewe muda wa kujibu.
3. Kartie ao muji usikatwe hata siku moja kwa kosa la mumoja.
4. SOCODA, yenye kukusanya haki za wasanii, ije ielezee wasanii wa hapa feza inapitia wapi.

Na nyinyi muko na kazi. Ukikatiwa, andika siku na saa, linda mesaji ya kampuni, uliza sababu kwa maandishi. Jirani akikatiwa, musaidie kuandika. Tukiwa na karatasi kumi mukononi, hawatasema tena kwamba ni malalamiko ya mutu mumoja.