Kishindo na Kicheko: Watazamaji Wanavyoihukumu Filamu ya 1941



Desemba 1979 kumbi za sinema za Marekani zilianza kuonyesha filamu iitwayo 1941. Mwongozaji wake, Steven Spielberg, alikuwa hajatimiza miaka 33, na tayari alikuwa ameshatengeneza Jaws mwaka 1975 na Close Encounters of the Third Kind mwaka 1977, filamu mbili zilizojaza kumbi duniani kote. Safari hii aliamua kuchekesha, kwa kisa cha wakazi wa pwani ya magharibi ya Marekani wanaoshikwa na taharuki ya kuvamiwa na Wajapani. Filamu ilitengenezwa kwa takriban dola milioni 35, kiasi cha takriban mara tatu ya gharama ya Star Wars iliyotoka miaka miwili kabla. Akawakusanya John Belushi, Dan Aykroyd, Ned Beatty, Robert Stack, Slim Pickens, John Candy, Christopher Lee wa Uingereza na Toshiro Mifune wa Japani. Hadithi iliandikwa na vijana wawili, Robert Zemeckis na Bob Gale, na John Milius alishiriki kuibuni. Muziki ulitungwa na John Williams. Kwa majina hayo, kila mtu alikwenda ukumbini akitarajia kucheka mpaka mbavu zimuume. Wengi walitoka wamenuna, wachache walitoka wamefurahi, na mabishano yao hayajaisha hadi leo.

Kundi la kwanza linasema filamu hii ni makelele matupu: watu wanapiga mayowe, vitu vinalipuka, na hakuna anayecheka. Kundi la pili linasema filamu imeonewa. Linatuonyesha mitaa ya Hollywood iliyojengwa kwa vielelezo vidogo na ndege za kivita zikikimbizana juu yake, au ile bembea kubwa ya duara inayong'oka kwenye gati na kubingirika hadi baharini, kisha linauliza ni wapi tena umeona ustadi kama huo. Nao wana ushahidi, kwani filamu iliteuliwa kuwania tuzo tatu za Oscar, za upigaji picha, sauti na madoido ya kuonekana. Hoja yangu leo ni kwamba makundi haya mawili hayapingani kama yanavyodhani. Moja linapima ustadi, jingine linapima kicheko, na vitu hivyo viwili havitoki katika chanzo kimoja. Purukushani huchekesha pale tu mtazamaji anapojua mhusika anataka nini, na anaweza kupoteza nini, kabla ya kitu kuvunjika. Filamu hii inachekesha kila inapoitii kanuni hiyo, na inachosha kila inapoisahau.

Tuanze na pale inapoitii. Ward Douglas, anayeigizwa na Ned Beatty, ni baba wa familia mwenye nyumba nzuri juu ya jabali linaloitazama bahari. Jeshi linamwekea mzinga wa kutungulia ndege uani kwake. Sajenti Tree, anayeigizwa na Dan Aykroyd, anamwonya kwamba raia haruhusiwi kuugusa, halafu, ili asieleweke vibaya, anamtajia hatua kwa hatua mambo yote ambayo hatakiwi kuyafanya. Ward anasikiliza kwa makini. Mtazamaji naye anasikiliza, na papo hapo anajua kwamba somo la kukatazwa limekuwa somo la kufundishwa. Baadaye nyambizi ya Kijapani inapoibuka, Ward anazikumbuka hatua zile moja baada ya nyingine, na kila risasi anayoilenga nyambizi inamgharimu sehemu ya nyumba yake mwenyewe. Asubuhi anasimama mbele ya majirani, anatoa hotuba kwamba adui hatawaharibia Krismasi, na anapigilia shada la sikukuu mlangoni. Nyumba nzima inaporomoka jabalini. Kicheko hapa hakitokani na ukubwa wa nyumba. Kinatokana na msumari mmoja, kwa sababu filamu imechukua muda mrefu kutufundisha jinsi Ward anavyoipenda nchi yake, nyumba yake na hotuba zake.

Mfano wa pili ni ngoma katika ukumbi wa burudani wa wanajeshi. Wally ni kijana wa kiraia anayetaka kucheza na Betty katika mashindano. Koplo Sitarski, mtu wa ngumi, anamtaka Betty huyo huyo. Wally anaingia ukumbini akiwa amevaa sare isiyo yake, na kuanzia hapo kila hatua ya densi ni hatua ya kukwepa kipigo. Anainama kwa mdundo, ngumi inapita juu ya kichwa chake. Anazunguka na mwenzake, na anayemfukuza anajikwaa. Watazamaji wengi wasioipenda filamu hii hukiri kwamba sehemu hii imewapendeza, na wapenzi wake huitaja kwanza. Makundi mawili yanapokubaliana juu ya dakika zile zile, mchambuzi lazima asimame hapo na kuuliza kwa nini. Jibu ni kwamba tunamjua anayekimbia, tunamjua anayekimbiza, na tunajua kila mmoja anamtaka nani.

Sasa tazama kinachofuata. Ugomvi unamwagika barabarani, askari na wanamaji wanapigana kwa mamia, kifaru kinapita katikati ya kiwanda cha rangi, na rubani Kelso, anayeigizwa na Belushi, anapaa akifyatulia risasi chochote kinachoruka. Hapo mtazamaji anapoteza uzi. Wahenga walisema nahodha wengi, chombo huenda mrama, na wapo wanaodhani wingi wa nyota ndio ulioizamisha filamu. Sikubaliani nao moja kwa moja. Chombo hiki kilikuwa na nahodha mmoja mwenye kipaji kikubwa. Tatizo lilikuwa kwamba kila nyota alipewa kilele chake na wachache tu walipewa mwanzo. Kelso anaingia akiwa tayari amepandisha mori, na anatoka vivyo hivyo. Hatujui anamwogopea nani wala anamkosa nani, hivyo ndege yake inapoanguka, tunaona ndege tu.

Pingamizi la kwanza ni zito. Watetezi husema filamu hii inahusu taharuki, na taharuki haina mpangilio, kwa hiyo fujo ya filamu ni ukweli wa jambo lenyewe. Ni kweli kwamba chini ya mzaha huu kuna historia. Tarehe 23 Februari 1942 nyambizi ya Kijapani iliyoitwa I-17 ilipiga mizinga kwenye visima vya mafuta vya Ellwood, karibu na Santa Barbara. Usiku uliofuata, kuamkia tarehe 25, jeshi lilifyatua makombora zaidi ya 1,400 katika anga la Los Angeles, na hakuna ndege ya adui iliyopatikana. Watu kadhaa walikufa kwa ajali za magari gizani na kwa mshtuko wa moyo. Waandishi walizichukua habari hizo, wakaongeza ghasia za wanamaji na vijana wenye asili ya Meksiko za Juni 1943, wakaziweka zote katika siku moja, tarehe 13 Desemba 1941.

Lakini historia hiyo hiyo inalijibu pingamizi. Usiku ule wa Los Angeles haukukosa mpangilio hata kidogo: hofu ya shambulio la Pearl Harbor ilizaa hofu ya Ellwood, hofu ya Ellwood ikafyatua mzinga wa kwanza, na mlipuko wa kombora la kwanza ukawafanya wengine waamini kwamba kuna kitu angani. Taharuki ni mnyororo wa sababu, na msanii anaweza kuufuata pete kwa pete. Isitoshe, mnyororo huo uliwafunga watu halisi. Tarehe 19 Februari 1942, siku chache kabla ya usiku ule, Rais Roosevelt alitia saini amri namba 9066, iliyowaondoa watu wapatao 120,000 wenye asili ya Kijapani katika makazi yao ya pwani ya magharibi na kuwapeleka kambini. Filamu inawacheka Wamarekani walioona adui kila kona, na inafanya vizuri kuwacheka, ila haimpi nafasi jirani aliyelipia hofu ile kwa nyumba, duka na shamba lake. Yeye ndiye aliyekuwa na cha kupoteza kuliko wote. Angekuwamo, kicheko kingekuwa kichungu zaidi, na kikali zaidi.

Pingamizi la pili linasema watazamaji wa Marekani walikasirika tu kuona vita vyao vitukufu vikifanyiwa mzaha. John Wayne, alipoombwa kumwigiza Jenerali Stilwell katika filamu hii, alikataa kwa sababu hiyo. Hata hivyo, umma huo huo ulikuwa umeipokea Dr. Strangelove ya Stanley Kubrick mwaka 1964 na MASH ya Robert Altman mwaka 1970, filamu zenye mzaha mkali kuliko huu. Wengine husema filamu ilipata zaidi ya dola milioni 90 duniani, basi haikushindwa. Hesabu hiyo inaondoa uvumi kwamba ilitia hasara, lakini tiketi huuzwa kabla ya kicheko, hivyo haiwezi kuwa shahidi wake. Wapo pia wanaotuelekeza kwenye toleo refu la dakika 146, badala ya lile la dakika 118 lililoonyeshwa kumbini. Ushahidi huo unaniunga mkono, kwani wanaolipenda hulisifu kwa kuwapa wahusika nafasi ya kufahamika.

Lipo pingamizi la mwisho, kwamba vichekesho havivumilii ukubwa na fedha nyingi. Buster Keaton alilijibu kabla halijatolewa. Katika The General ya mwaka 1926, yenye hadithi ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, aliliangusha garimoshi halisi mtoni kutoka kwenye daraja linaloungua. Hiyo nayo ilikuwa gharama kubwa, na watazamaji wa wakati ule hawakuichangamkia. Leo inahesabiwa miongoni mwa filamu bora kabisa za vichekesho. Kwa nini muda uliiokoa? Kwa sababu kabla ya garimoshi kuanguka, tunamwona ofisa aliyeamuru livuke, akiwa na hakika kwamba daraja litahimili. Likishaanguka, tunarudishwa kwenye uso wake. Chuma kile chote kilianguka ili tuuone uso mmoja uliopatwa na ukweli.

Wanafunzi wangu, msiyadharau maoni ya watazamaji, wala msiyahesabu kama kura. Mtu anayesema "sikucheka" ametoa taarifa ya kweli kuhusu kazi, na kazi ya mchambuzi ni kutafuta ni katika dakika gani kicheko kilikatika, na kwa nini. Spielberg mwenyewe aliendelea kujenga mambo makubwa, na miaka miwili baadaye, katika Raiders of the Lost Ark, kila kishindo kilikuwa na mtu anayekikimbia. Ukubwa hauui kicheko, na wala haukileti. Anayetaka tucheke nyumba ikianguka hana budi kwanza kutufanya tuitakie isimame.