Simu Inapojiamulia: Vizuizi vya Kuokoa Chaji na Utunzaji wa Betri

(Mazungumzo yaliyotolewa katika mkutano wa elimu kwa watumiaji wa huduma za mawasiliano)



Miongoni mwa malalamiko yanayotufikia, yapo ambayo huelekezwa kwa mtu asiyehusika. Mteja anaeleza kwamba ujumbe aliotumiwa asubuhi ulimfikia adhuhuri. Dereva wa bodaboda anasema simu haimlilii abiria anapomwita, mpaka yeye mwenyewe aifungue programu. Mgonjwa aliyeweka programu ya kumkumbusha dawa anasema kengele ya usiku haikulia. Wa kwanza kulaumiwa huwa mtandao, na wa pili ni aliyetengeneza programu. Lakini yawezekana kabisa kwamba wote wawili hawana kosa, na kwamba aliyeamua kunyamaza ni simu yenyewe.

Simu zinazotumia mfumo wa Android zilianza kuwa na utaratibu wa kusinzia katika toleo la 6, lililotoka mwaka 2015. Simu ikilazwa mezani bila kuguswa, skrini ikiwa imezimwa na waya wa chaji haujachomekwa, mfumo huzinyima programu nafasi ya kutumia intaneti kila zinapotaka, na kuzipa vipindi vifupi vya kufanya kazi zilizolimbikizwa. Toleo la 9 la mwaka 2018 lilikwenda mbele zaidi: programu hupangwa katika makundi kulingana na jinsi mwenye simu anavyozitumia, na ile isiyofunguliwa kwa siku nyingi hubanwa kuliko nyingine. Juu ya hayo, baadhi ya kampuni za simu huongeza vizuizi vyao wenyewe, vilivyo vikali zaidi. Sababu si ngumu kuielewa. Simu inayosifiwa dukani kuwa inakaa na chaji siku mbili huuzika.

Mtengeneza programu hulitazama jambo hili kwa jicho jingine. Yeye huandika programu moja, huijaribu katika simu alizonazo, na huiona ikifanya kazi sawasawa. Ikifika katika simu ya kampuni nyingine, inalazwa usingizi dakika chache baada ya skrini kuzimwa. Hana uwezo wa kuiamsha. Anachoweza ni kumwomba mwenye simu aingie kwenye mipangilio na kuiondolea kizuizi, katika ukurasa ambao kila kampuni imeupa jina lake na kuuficha mahali pake. Lawama, hata hivyo, humrudia yeye.

Hatusemi kwamba watengeneza programu wote wanaonewa. Zipo programu za tochi na za michezo zinazodai kujua mahali ulipo saa zote, na zinazopakua matangazo usiku wa manane kwa bando lako. Programu ya namna hiyo inastahili kubanwa. Msimamo wetu ni kwamba kizuizi chenyewe si kosa. Kosa ni kumwekea mtu kizuizi bila kumwambia.

Mfano ulio wazi ni ule wa Apple. Mapema mwaka 2017 kampuni hiyo ilisambaza sasisho la mfumo lililopunguza kasi ya baadhi ya iPhone ambazo betri zake zilikuwa zimechakaa. Sababu ya kiufundi ilikuwepo: betri iliyozeeka hushindwa kutoa umeme mwingi kwa ghafla, na simu huzimika. Lakini wenye simu hawakuelezwa. Waliona simu imekuwa nzito, na walioamini kwamba imekwisha wakanunua mpya, ilhali betri mpya ingetosha. Mambo yalipofichuka Desemba mwaka huo, Apple iliomba radhi na kushusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi dola 29. Februari 2020 mamlaka ya Ufaransa inayolinda watumiaji ilitangaza faini ya euro milioni 25, kwa kutowaarifu wateja.

Basi mtumiaji afanye nini? Achague programu chache ambazo kunyamaza kwake kuna madhara: ya dawa, ya kazi, ya benki, ya ujumbe wa familia. Aingie kwenye mipangilio, sehemu ya betri au ya programu, na kuziondolea kizuizi hizo peke yake. Nyingine azibanishe apendavyo. Na aiache ile tabia ya kuzifunga programu zote kila baada ya dakika chache akidhani anaokoa chaji: programu ikianzishwa upya hula umeme zaidi, na ile iliyosimamishwa kwa nguvu kupitia mipangilio haitapiga kengele wala kuleta taarifa mpaka ifunguliwe tena.

Kuhusu betri, ushauri wa zamani wa kuimaliza chaji yote kabla ya kuchaji ulifaa betri za nikeli na kadimiamu. Betri za leo ni za lithiamu, na hizo huumizwa na joto kuliko kitu kingine chochote, hasa joto linapokutana na chaji iliyojaa. Apple hushauri simu zake zitumike katika nyuzi joto 0 hadi 35. Simu iliyoachwa kwenye dashibodi ya daladala juani mchana wa Dar es Salaam hupita kiwango hicho upesi; vivyo hivyo iliyowekwa chini ya mto huku inachajiwa. Kuitia kwenye friji ili ipoe si dawa, kwani mvuke hugeuka maji ndani yake. Simu nyingi mpya zina chaguo la kusimamisha chaji kwenye asilimia 80, na anayelala na simu kwenye umeme atafaidika nalo.

Hata ikitunzwa, betri huchakaa. Katika Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 20 Juni 2025, simu mpya inayoingizwa sokoni lazima betri yake ibaki na angalau asilimia 80 ya uwezo wake baada ya kuchajiwa mizunguko 800. Muuzaji wa hapa nyumbani anaweza kuulizwa swali hilohilo: mizunguko mingapi, na betri ya kubadilisha inapatikana wapi?

Betri iliyovimba isichajiwe, isitobolewe, wala isibanwe irudi ndani. Ipelekwe kwa fundi anayeaminika. Ikiwa imevimba ndani ya muda wa dhamana, simu irudishwe kwanza kwa aliyeiuza, kwa maandishi, na nakala ibaki kwa mteja. Asipojibiwa, atuletee nakala hiyo pamoja na risiti. Risiti inayotaja duka, tarehe na aina ya simu ndiyo itakayotuwezesha kulifuatilia shauri lake.